Maswali Yenu: Spika za Nyuma Zimenyamaza

SWALI: Nina risiva ya spika tano na sabufa moja. Nimeiunga na TV kwa waya wa HDMI, kwenye tundu la ARC (linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva). Nikibonyeza kitufe cha Surround zinapita Stereo, Dolby Surround, Neural:X, Multi Ch Stereo, Direct, Hall. Ipi ndiyo sahihi? Na mbona nikicheza filamu kutoka kwenye flashi ya TV, spika za nyuma zinakaa kimya?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Tuanze na flashi, kwani ukishajua kinachoingia kwenye risiva, kuchagua modi ni kazi ndogo. Hakuna modi inayoweza kurudisha sauti ya nyuma iliyopotea njiani. Cheza filamu, kisha bonyeza Info au Status na usome kioo cha risiva. Kikiandika Dolby Digital au DTS (mifumo ya kubana sauti ya chaneli nyingi) pamoja na 5.1, yaani chaneli tano na ya sabufa (risiva nyingine huandika 3/2.1), chaneli zote sita zimefika. Kikiandika PCM 2.0 (sauti isiyobanwa ya chaneli mbili), zimefika mbili tu, na ukiwa kwenye Stereo au Direct spika za nyuma hazina cha kutoa.

Chaneli hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza, faili lenyewe: filamu nyingi zilizobanwa ili ziwe nyepesi hubaki na sauti ya stereo, na hapo huna la kufanya ila kutafuta nakala nyingine. Ya pili ni mpangilio wa TV. Ikiwa sauti ya kidijitali inayotoka imewekwa PCM, TV huifungua yenyewe na kupitisha chaneli mbili tu kwenye ARC. Ingia kwenye menyu ya sauti, tafuta Digital Output, ubadilishe PCM iwe Bitstream, Pass Through au Auto. Ya tatu, sauti ikiwa DTS, kuna TV zisizoifungua wala kuipitisha. Nyingine hazitoi sauti kabisa. Suluhisho ni kuicheza filamu kwenye kifaa kilichochomekwa moja kwa moja kwenye risiva, kama deki ya Blu-ray, kisha picha ndiyo iende kwenye TV.

Sasa modi. Filamu ya 5.1 inataka modi isiyoongeza wala kupunguza kitu, ile inayopeleka kila chaneli kwenye spika yake. Kioo kitaandika Dolby Digital au DTS peke yake. Yamaha huiita Straight. Direct nayo hupeleka chaneli zote sita zikiwepo, ila huruka vidhibiti vya besi na trebo, kwa hiyo usishangae besi uliyoongeza ikitoweka.

Dolby Surround na Neural:X ni za sauti ya stereo unayotaka ienee chumba kizima. Jina la Dolby Surround linachanganya watu, na wana haki: lilianza kutumika majumbani mwaka 1982 kwa teknolojia nyingine, likarudishwa mwaka 2014 pamoja na risiva za Atmos, mfumo wa Dolby unaoongeza sauti za juu. Kwa ufupi, modi hizi hulinganisha kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hupelekwa spika ya kati, na kinachopingana hupelekwa nyuma. Ndiyo maana mpira wa stereo kutoka kwenye king'amuzi hupendeza sana humo: mtangazaji anabaki katikati ya skrini na kelele za mashabiki zinakuzunguka. Matangazo yakiwa ya mono (chaneli moja tu), kila kitu kitarundikana kwenye spika ya kati.

Multi Ch Stereo hurudia sauti ya mbele kwenye spika za nyuma pia. Ni nzuri kwa sherehe, wageni wakiwa wametawanyika ukumbini, lakini kwa filamu inaharibu mpangilio wote. Hall na jamaa zake huongeza mwangwi wa kutengenezwa. Maneno yanakuwa na ukungu, nasi hatuzipendekezi.

SWALI: Milipuko inatikisa nyumba lakini wahusika wakiongea sisikii. Sina spika ya kati, nina nne na sabufa.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Maneno ya filamu ya 5.1 karibu yote yamo kwenye chaneli ya kati. Kama kwenye menyu ya spika bado imeandikwa kwamba unayo Center, risiva inayapeleka kwenye waya usio na kitu. Weka Center iwe None, nayo itayagawa kushoto na kulia, yakasikika kama yanatoka kwenye skrini.

Hapohapo, spika ndogo ziweke Small na mpaka wake na sabufa uwe hezi 80, zisihangaike na besi zisiyoiweza. Pima kwa futikamba kutoka kiti chako hadi kila spika, uandike umbali halisi. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde (sehemu moja ya elfu ya sekunde), kwa hiyo spika ya nyuma iliyo karibu nawe kwa mita 1.5 kuliko za mbele hukufikia mapema kwa takriban milisekunde 4.4. Risiva ikijua, itaichelewesha. Kisha washa Test Tone na usawazishe spika zote zifike desibeli 75 pale unapokaa. Usiku, washa Night au Dynamic Range Compression: milipuko inashuka, minong'ono inapanda.

SWALI: Nikicheza taarabu kutoka kwenye simu kwa waya, mwimbaji hasikiki na vyombo vinatokea nyuma.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Jeki haijaingia hadi mwisho, au waya wake wa graundi umekatika. Hapo kinachobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Mwimbaji, aliye sawa pande zote, anafutika, na modi ya Dolby Surround inakipeleka nyuma kilichobaki. Badilisha kwenda Stereo: kama mwimbaji bado hayupo, modi haina kosa. Toa kava la simu, maana mara nyingi ndilo linalozuia jeki, uisukume mpaka iingie yote. Ikishindikana, nunua waya mwingine.