Kesi ilifungwa, alama za vidole zimebaki

Barua za wiki hii karibu zote ni za cheti cha mwenendo mwema, kile cha polisi kinachoonyesha kama una rekodi ya jinai. Nimejibu tano.

*Wakili, kesi yangu ya wizi ya 2016 ilitupwa, mlalamishi hakuja. Sasa nimepata kazi Doha, nimeomba cheti na kesi imetokea. Kwani mahakama haikuwaambia polisi? – Likoni*

Ndugu yangu, usingoje mahakama. Hakimu alifunga faili lake. Kadi yenye alama zako za vidole iko DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, Nairobi. Karatasi ya kuziunganisha kabati hizo mbili, ya mahakama na ya polisi, utaibeba wewe. Rudi masjala ya mahakama iliyokushtaki, uwe na namba ya kesi, uombe nakala ya uamuzi yenye muhuri. Peleka DCI pamoja na nakala ya kitambulisho na barua ya kuomba rekodi iondolewe.

Lakini nakala ya uamuzi isome hapohapo dirishani pa masjala. "Kutupwa" ni neno la mtaani. Mlalamishi asipofika, hakimu anaweza kukuachilia huru kabisa chini ya kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Mlalamishi akiondoa malalamishi mwenyewe kwa ruhusa ya mahakama, ni kifungu cha 204, na matokeo ni hayohayo. Ila kiongozi wa mashtaka akiiondoa kesi kabla hujaitwa kujitetea, hiyo ni 87(a): umefunguliwa mlango tu, na unaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Nimeona watu waliochinja mbuzi kwa sababu ya 87(a).

Vyovyote iwavyo, taja kwenye barua kifungu cha 55 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Asiyeshtakiwa, aliyeachiliwa au aliyeonekana hana hatia, kama hajawahi kuhukumiwa, alama zake ziharibiwe au akabidhiwe. Weka nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

*Nilikubali kosa, nikalipa faini ya Sh500, nikaenda zangu. Si kesi iliisha? – Thika*

Iliisha kwa kukutia hatiani. Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka! Jumatatu asubuhi, umetoka seli na njaa, mtu anakunong'oneza "kubali ulipe uende kazini", nawe unakubali usichokifanya. Rufaa ni ndani ya siku 14, na aliyekubali kosa hupinga adhabu tu, si hatia. Uliuza jina lako kwa mia tano. Wanaosoma haya wakisubiri kusomewa mashtaka kesho: kaneni, ombeni dhamana.

*Kuna broka anataka Sh15,000 afute rekodi. Nimpe? – Kisumu*

Usimpe hata ya chai.

*Nililala kituoni usiku mmoja, sikufikishwa kortini. Nina rekodi? – Nakuru*

Walikuchovya vidole kwenye wino? Kama hapana, lala usingizi. Kama ndiyo, rudi kwenye kifungu cha 55 hapo juu, kinakuhusu pia.

*DCI wamenisafisha, cheti ni safi. Kwenye fomu ya viza ya Marekani nijibu sijawahi kukamatwa? – Eldoret*

Hapana, dada. Fomu ile inauliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa. Cheti kinasema Kenya haina neno nawe. Hakifuti siku uliyopandishwa Land Cruiser ya polisi. Jibu ndiyo, uambatishe ule uamuzi wenye muhuri. Ndiyo maana nasema chukueni nakala mbili, tena siku ileile kesi inapokwisha, kabla faili halijaliwa na mchwa.