Kwa mkandaji anayeanza kuwahudumia wenye maltipo sklerosisi
Maltipo sklerosisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na ukandaji hauurudishi utando huo wala hauzuii ugonjwa kuendelea. Mweleze mteja hivyo tangu siku ya kwanza. Anachoweza kupata ni nafuu: misuli iliyokakamaa kulegea kwa muda, maumivu na wasiwasi kupungua, huku akiendelea na dawa zake kama alivyoandikiwa.

Kinachohitaji uangalifu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ganzi. Tumezoea kumuuliza mteja kama nguvu ya mkono inatosha, lakini mguu uliokufa ganzi hautoi jibu la kuaminika, naye anaweza kusema "ongeza" hadi ngozi ivilie damu. Kabla ya kuanza, mwombe afumbe macho, umguse hapa na pale, akuambie anapohisi; penye ganzi kanda taratibu, ukitazama ngozi badala ya kutegemea kauli yake. (Wapo pia ambao mguso mwepesi huwaunguza, hao huvumilia zaidi kiganja kilichotulia mahali pamoja.)

Misuli iliyokakamaa usishindane nayo. Ukiuvuta mguu ghafla, msuli hujikaza zaidi, na pengine wayo huanza kutikisika wenyewe. Ushikilie pasipo kuvuta, usubiri utulie, ndipo uendelee.

Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa wa maltipo sklerosisi ambao uoni wao ulififia kwa muda baada ya kujishughulisha, na baadaye ikabainika kwamba sababu ni joto la mwili kupanda. Kwa hiyo mawe ya moto na blanketi la umeme yaweke kando.

Usikande mahali alipochomwa sindano karibuni. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usiuguse kabisa, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mwelekeze hospitali mara moja. Dalili mpya zikijitokeza, ahirisha hadi daktari wake aseme.

Mwisho wa kipindi ndipo wengi hujisahau. Baadhi ya wateja husimama kwa msaada wa ukakamavu uleule tulioulegeza, hivyo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zikiwa sakafuni, nawe usimame karibu mpaka uone miguu inambeba.