Tiketi ya kwenda tu, na kaunta iliyonipigisha magoti

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nasafiri Alhamisi kwenda Manila. Nimekata tiketi ya kwenda tu, nataka nikae hata mwaka. Rafiki yangu anasema haina shida, wewe nenda tu. Ni kweli?"

Hilo "wewe nenda tu" nalijua. Ndilo lililonifikisha sakafuni uwanja wa ndege, nimepiga magoti mbele ya begi lililo wazi, simu imebaki na chaji asilimia 11, foleni nzima nyuma yangu inaangalia nguo zangu za ndani.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeacha kazi, nina akiba ya miezi minane, na nilikuwa nimeshajiona mtu wa dunia. Nikakata tiketi ya kwenda Ufilipino bila ya kurudi, kwa sababu kweli sikujua nitarudi lini. Pasipoti yangu inaingia kule bila viza kwa siku 30, na siku hizo zinaongezeka ukiwa hukohuko. Hilo nilikuwa nimelisoma. Sharti lililoandikwa chini yake nililiruka: uwe na tiketi ya kurudi, au ya kuendelea na safari kwenda nchi nyingine.

Dada wa kaunta akaichukua pasipoti, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Sisi wenye pasipoti za aina hii tunaujua mchezo huo. Akaniuliza, "Tiketi ya kurudi iko wapi?" Nikamwambia sina, nitakata nikishafika. Akageukia kompyuta yake, akasoma, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni: "Na huko nani anakulipia?"

Nani ananilipia! Mimi, niliyefanya kazi miaka saba bila likizo ya maana. Nilitaka kumjibu, midomo ikagoma. Akasogeza begi langu pembeni ya mzani kwa mguu. Narudia, kwa mguu. Akasema, "Ukipata tiketi ya kutoka, urudi. Tunafunga baada ya dakika 50."

Hapo ndipo nilipopiga magoti. Kadi ya benki ilikuwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini kabisa ya begi. Nilipoipata nikafungua simu na kukata tiketi ya kwanza niliyoiona rahisi: Manila kwenda Osaka. Nikainuka kifua mbele, nikamwonyesha. Akaitazama kama sekunde tatu hivi. "Viza ya Japani iko wapi?"

Sikuwa nayo. Pasipoti yangu haiingii Japani bila viza, na tiketi ya kwenda mahali usiporuhusiwa kuingia haihesabiki kuwa tiketi ya kutoka. Pesa ile sikurudishiwa mpaka leo. Tiketi ya pili, ya kwenda Kuala Lumpur, ambako naingia bila viza, niliikata dakika 12 kabla ya kaunta kufungwa, simu ikiwa na asilimia 4. Akanipa pasi ya kupandia ndege bila kuniangalia usoni.

Safari yenyewe naiacha, ni kulala na kuamka. Kilichoniuma zaidi kilinisubiri Manila. Afisa wa uhamiaji aliangalia fomu ya eTravel niliyoijaza mtandaoni, ile inayotakiwa kujazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika, akauliza nakaa siku ngapi, akagonga muhuri. Tiketi ya Kuala Lumpur nilikuwa nimeishika mkononi kama mtoto na cheti chake. Hakuiomba.

Ndiyo maana nasema, mkisafiri kwa tiketi ya kwenda tu, mpaka wenu wa kwanza ni ile kaunta ya shirika la ndege. Na kuna sababu. Chini ya kanuni zilizoambatishwa kwenye Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, mashirika ya ndege yana wajibu wa kuhakiki nyaraka za abiria, na ukikataliwa kuingia ni ndege iliyokuleta inayotakiwa kukuondoa. Nchi nyingi huongeza faini juu yake. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2001 inayotaka faini kwa msafirishaji isipungue euro 3,000 kwa kila abiria, au kama nchi imeamua kuweka kikomo cha juu, kikomo hicho kisiwe chini ya euro 5,000. Kwa hiyo yule dada alikuwa anailinda mifuko ya mwajiri wake. Hilo nimelikubali sasa. Ule mguu bado sijaukubali.

Anachokisoma kwenye kompyuta huwa mara nyingi ni Timatic, programu ya IATA, shirikisho la mashirika ya ndege duniani, yenye masharti ya kila nchi kwa kila pasipoti. Humo hamna mambo ya rafiki yako aliyepita mwaka juzi. Ukiandika pasipoti yako na nchi uendako kwenye tovuti ya IATA, utapata karibu yaleyale anayoyaona yeye. Ningefanya hivyo kwa dakika kumi nyumbani, nisingejua bei ya kwenda Osaka.

Sasa tuje kwa ninyi wenzangu, maana najua mnasoma hapa kwa sababu mnataka kukaa, hamtaki wiki mbili za kupiga picha. Kateni tiketi ya kutoka kabla hamjatoka nyumbani. Iwe ya kweli. Iwe ndani ya siku mlizopewa. Iwe ya kwenda nchi ya jirani ambayo pasipoti yenu inaingia. Nimeshasema, narudia, na kesho mtu ataniuliza tena.

Kuna wanaouza tiketi za kukodi, yaani nafasi inayoshikiliwa kwa jina lako siku moja au mbili kisha inafutwa. Najua watu wamepita nazo. Kama una roho hiyo, angalau ingiza namba yake kwenye tovuti ya shirika husika uone jina lako linatokea na halijafutwa asubuhi ya safari. Lakini ile ya kubadilisha tarehe kwenye karatasi ya mtu mwingine, hapana. Hiyo ni kughushi, na anayekamatwa nayo anaweza kufungiwa nchi kwa miaka. Tiketi inayorudishiwa pesa ni ghali zaidi, ila inakupa usingizi. Wanaoruka kwenda au kutoka Marekani wana nafuu yao: kanuni ya huko inalitaka shirika likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila adhabu, au likushikilie nafasi kwa bei ileile kwa muda huo, mradi umekata siku saba au zaidi kabla ya safari. Yaani haimsaidii aliyepiga magoti kwenye kaunta.

Halafu mjue nchi mnayoiendea ina tabia gani. Ufilipino ina mlango wa kuongeza muda. Nilianza na siku 29 juu ya zile 30, zikawa 59. Ukivuka hapo unachukua kadi ya mgeni, ACR I-Card, kisha unaendelea kuongeza, na kwa sisi tusiohitaji viza kikomo ni miezi 36 kwa jumla. Mimi nilikaa miezi 11. Foleni za ofisi ya uhamiaji sina cha kuwasimulia, ni viti vya plastiki na namba ukutani. Ila moja niliijua wiki ya mwisho, kwa bahati, kutoka kwa mwanamke aliyekaa kiti cha pembeni: ukikaa miezi sita au zaidi huondoki bila cheti cha kuruhusiwa kutoka, kinaitwa ECC, na unakiomba kabla ya siku ya safari. Nilikuwa napaki. Nikaacha kupaki.

Eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani kati yao, ni kisa kingine. Kule mgeni wa muda mfupi ana siku 90 ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, na kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Uhispania hakuanzishi hesabu upya. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuingiza mfumo wa EES unaochukua picha na alama za vidole badala ya muhuri, kwa hiyo ule ujanja wa "muhuri haukuonekana vizuri" uzikeni. Anayetaka mwaka mzima aombe viza ya muda mrefu ya nchi moja kabla hajasafiri. Hapo hata tiketi ya kwenda tu haimshtui mtu, kwa sababu karatasi yako yenyewe inasema unakwenda kukaa.

Na maneno yenu yafanane na karatasi zenu. Nilipoulizwa siku ngapi nilisema 30, na nikipapenda nitaomba kuongeza ofisini kwenu. Ilikuwa kweli, nikaitamka bila kutetemeka. Mnajifunza majibu ya kukariri, mkiulizwa swali la pili mnaanza kutafuta dari. Mnakwenda na barua za kazi bandia wakati taarifa ya benki ya miezi mitatu ingetosha kusema kila kitu. Wengine mnabeba begi zima la sufuria halafu mnajiita watalii! Mtu mzima anapanga kuhama maisha yake yote, lakini kusoma masharti ya ukurasa mmoja anaona uvivu, kisha anasema uhamiaji wana roho mbaya. Wakati mwingine wanayo kweli. Mimi nimeiona. Lakini siku ile watu wa kaunta walikuwa na haki, na mimi nilikuwa na soksi mkononi.

Yule msomaji nilimjibu usiku uleule. Nilimwambia akate ya kutoka, asihesabu siku kwa kubahatisha, na aichape kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika pale unapoihitaji. Jana kanitumia picha: Manila kwenda Kuala Lumpur, siku ya 26, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Nikamuuliza, karatasi iko wapi?

Akanijibu kwa sauti, sekunde nne hivi, anahema kama mtu anayepanda ngazi: "Dada, printa wino umeisha, ndo nakimbia kwa jirani."