Oili inavuja? Usikimbilie kushusha gia boksi

Gari kuukuu likianza kuacha doa la oili pale linapolala, fundi wa kwanza utakayemwita atachungulia chini, aone unyevu pale injini inapokutana na gia boksi, kisha aseme: "Mzee, hiyo ni sili ya nyuma. Tushushe gia boksi." Anamaanisha raba inayozuia oili pale krankishafti, mhimili mkuu wa injini, inapotokeza kuelekea gia boksi. Huenda ni kweli. Lakini mwambie asubiri kidogo, kwa sababu mara nyingi oili haidondoki pale inapotokea. Inaweza kutoka juu kabisa kwenye kifuniko cha tapeti, ikateremka nyuma ya bloku, upepo wa barabarani ukaisukuma, ikaja kudondokea palepale anaponyooshea kidole.

Mimi ninaendesha Peugeot 504 stesheni. Wenye mvi hapa Nakuru watazikumbuka zikibeba abiria kwenda Nairobi, na 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975. Sifa hizo hazizuii gasketi, vile vipande laini vya kuziba kati ya vyuma viwili, kukauka.

Osha kwanza. Injini ikiwa baridi, funika distributa na alteneta kwa nailoni, chukua brashi na mafuta taa (petroli hapana, cheche moja inatosha) usugue mpaka uone chuma. Vumbi letu likishikana na oili huwa ganda jeusi, na ganda hilo huficha kila kitu. Pembeni mwa sampu, lile beseni la oili chini ya injini, mimi hulibandua kwa bisibisi pana. Ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye viungo vyote. Kuna wanaopenda unga mweupe unaochimbwa Kariandusi kwa kuwa unanyonya mafuta vizuri, lakini ule ni silika, hukwaruza, hauna kazi karibu na sili na beringi.

Sasa endesha. Kuzunguka mjini hakutoshi. Shika barabara ya Salgaa, panda hadi Mau Summit, urudi. Mlima ndio unaoisumbua injini na kuongeza presha ndani yake. Ukifika nyumbani washa tochi utafute sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Hiyo ndiyo chanzo. Kwingine kote ni mteremko tu. Kwenye gari langu poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja mwembamba, ukianzia kwenye swichi ya presha ya oili, pale plastiki inaposhikana na chuma. Fundi alikuwa ameshaapa kwamba ni sili ya nyuma. Swichi ile inafunguliwa kwa spana moja.

Kabla ya kununua gasketi yoyote, angalia bomba la kupumulia injini. Watu wengi hulipuuza. Ringi za pistoni haziwezi kuzuia gesi zote, nyingine hupenya hadi kwenye sampu, na bomba likiziba kwa masizi gesi hizo hutafuta njia kupitia sili na gasketi. Ndiyo maana mtu hubadilisha sili mpya na baada ya muda mfupi inavuja tena. Lichomoe, lioshe, pitisha waya ndani. Kisha injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili. Kikirukaruka kwa pumzi nzito hali bomba ni safi, ringi zimechoka. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza, kwa maana hakuna sili itakayokuokoa hapo.

Kuhusu gasketi za koki (kama ya vizibo vya chupa), zile za kahawia zenye punje punje: adui yake ni mkono wenye nguvu. Ikivuja, mtu anakaza. Ikivuja tena, anakaza zaidi, na ukingo wa sampu unapinda kuzunguka kila bolti. Ukiifungua, laza ukingo juu ya chuma tambarare na uugonge taratibu hadi unyooke, ndipo uweke gasketi mpya. Bolti uzikaze kidogo kidogo, kwa kupishanisha pande. Kwa viungo vidogo, fundi wa jua kali atakukatia gasketi ya karatasi papo hapo, akigongagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka umbo lijichore lenyewe. Kazi hiyo naiamini kuliko silikoni inayopakwa kama siagi. Silikoni ikizidi hufinywa ndani, ikikatika huenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini inakosa oili.

Na ikithibitika kwamba ni sili ya nyuma kweli, basi gia boksi ishuke, na klachi ikaguliwe siku hiyohiyo, maana diski iliyolowa oili huteleza. Pitisha ukucha kwenye krankishafti pale sili ilipokaa. Ukihisi mfereji, mwambie fundi aiingize sili mpya ndani kidogo kuliko ile ya zamani, kama nafasi ipo, ili mdomo wake ukamate chuma kisicholika.