Mafunzo ya bure ya huduma ya kwanza: nenda, ila usiende peke yako

Ndugu yangu wa Nyalenda, umeuliza kama inafaa kuacha kazi ya boda nusu siku ukakae kwenye mafunzo ya bure ya huduma ya kwanza. Inafaa. Mimi pia ni wa boda, steji ya Kondele hapa Kisumu, na niliyapitia katika ukumbi wa kanisa. Cheti tuache, hakuna abiria aliyewahi kukiulizia.

Mengi yanahusu damu. Mshipa mkubwa ukikatika mtu anaweza kuisha kwa dakika chache, ambulensi ikiwa bado haijawashwa. Mkufunzi wetu alileta mnofu wa nyama uliotobolewa, chini yake mrija unaopitisha maji mekundu. Wengi tulifunika tundu kwa kitambaa na kubonyeza kidogo. Maji yakazidi kutoka. Akatuonyesha: kitambaa unakishindilia ndani ya tundu kwa kidole mpaka hakiingii tena, halafu unaegemea kwa viganja viwili na uzito wako wote, wala huchungulii kila mara kuona kama imekoma. Hiyo hisia ya kidole kutafuta njia ndani ya nyama, huwezi kuipata kwa video ya simu.

Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisikii, unafunga si kwenye jeraha lenyewe bali juu yake, upande wa kiwiliwili, umbali wa vidole vitatu au vinne, kamwe si kwenye goti wala kiwiko. Mshipi wa suruali haukazi vizuri. Ukanda mpana wa leso na kijiti kigumu cha kuzungushia ni afadhali. Majeruhi atapiga kelele kwa uchungu. Usilegeze. Andika saa uliyofunga.

Asiyepumua anabonyezwa katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au 6. Jaribu kwa mwanasesere wa mazoezi dakika mbili tu, utaelewa kwa nini watu hupokezana.

Sasa umati. Huo hakuna aliyetufundisha. Kuna jioni mwenzetu wa boda aligongwa upande wa Mamboleo, paja limepasuka. Nilipopiga goti, mmoja tayari alikuwa anamnywesha maji, wawili wamemshika makwapani wamtupe kwenye tuktuk, wengine wanarekodi. Nikashindilia shati lake mwenyewe kwenye jeraha. Mzee mmoja akanivuta bega: "Kwani wewe ni daktari?" Mikono yangu haikuweza kutoka pale kubishana naye. Aliyeniokoa ni jamaa wa steji yangu tuliyefunzwa naye: alimwondoa yule wa maji, akawapa wale wawili kazi ya kusimamisha magari, akapiga simu. Majeruhi alipelekwa Russia, yaani hospitali kuu ya rufaa ya hapa Kisumu, akiwa anaongea.

Ndiyo maana nasema mwende watatu au wanne wa steji moja. Mpangane mapema nani wa jeraha, nani wa simu, nani wa barabara. Nambari ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Mtu mmoja aliyefunzwa katikati ya watu hamsini wanaojua kila kitu ataonekana kichaa.

Umeuliza pia kuhusu kudaiwa pesa mlangoni mwa hospitali. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Itaje kwa upole, huku machela inasogea. Mimi niliacha jina langu na mahali ajali ilipotokea, nikarudi kazini.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mwandalizi kama kila mtu atashika mwanasesere na kushindilia jeraha la mazoezi kwa mikono yake. Akikwambia kuna hotuba na soda tu, endelea kubeba abiria wako, ungoje mengine.