Silensa inapanda na kushuka kwenye pikapu ya zamani: kabla hujanunua sensa, bana mipira ya hewa kwanza

Mkuu, umesema pikapu yako ya petroli imeshavuka kilomita 300,000, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inacheza kama mtu anakanyaga na kuachia mafuta, taa ya cheki injini inawaka na msimbo ni P0171 (mafuta ni kidogo kwa hewa iliyopo), na fundi anataka ubadilishe sensa ya oksijeni. Subiri kidogo. Mimi nilipita njia hiyohiyo. Nilibadilisha plagi, koili moja, kisha hiyohiyo sensa ya oksijeni, na gari likarudi nyumbani likitetemeka vilevile. Sensa haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inasema ukweli: hewa ni nyingi kuliko mafuta. Ilikuwa kazi yangu kujua hewa hiyo inapitia wapi.

Kama una sensa ya kupima hewa pale baada ya filta (MAF), kompyuta inatoa mafuta kulingana na hewa iliyopita hapo. Mpira ukipasuka baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), injini inavuta hewa ambayo haijahesabiwa. Kwenye silensa throto imefungwa karibu yote, mvuto ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) ni mkubwa, kwa hiyo hata tundu dogo linaharibu hesabu. Ukikanyaga mafuta hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inaonekana kidogo. Ndiyo maana gari linasumbua kwenye foleni halafu barabarani linakimbia vizuri kabisa.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chomeka skana hata ya bei rahisi, injini ikiwa ya moto, usome marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta), ujumlishe. Soma kwenye silensa, kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika usome tena. Yangu ilikuwa asilimia +22 kwenye silensa, ikashuka hadi +4 kwenye 2,500. Ikishuka hivyo, tafuta hewa inayovuja. Ikiwa yako inazidi kupanda unapokanyaga, acha mipira, angalia pampu ya mafuta, filta ya mafuta, au MAF yenye uchafu. (Gari lenye sensa ya MAP peke yake hupima mvuto wenyewe, kwa hiyo mara nyingi litakupa silensa ya juu tu bila msimbo wowote. Na kama ni dizeli, haya mengi hayakuhusu. Vakyumu ya breki huko, yaani mvuto wake, kwa kawaida inatoka kwenye pampu yake.)

Geji ya vakyumu nayo inasaidia. Injini nzima karibu na usawa wa bahari husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Toa kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Yangu ilitulia kwenye 15. Mshale ukiwa unarukaruka kwa mpigo mmoja, shuku valvu kabla ya mipira.

Kisha nikaanza kubana. Injini inanguruma, unachukua praizi yenye kitambaa mdomoni, unabana mpira mmoja mmoja na kusikiliza. Mpira mgumu uliokauka usiubane, utavunjika; uchomoe uzibe tundu lake. Mpira wa busta ya breki: hakuna mabadiliko. (Pedali ikiwa ngumu, au silensa ikibadilika ukishikilia breki, diaframu ya busta imekwenda.) Valvu ya mvuke wa tangi: hakuna. Nilipobana mpira wa PCV, ule unaovuta moshi wa injini, silensa ikashuka na kutulia palepale.

Ukiuangalia kwa juu ulikuwa mzima. Nilipitisha kidole chini ya kona yake, nyuma ya manifoldi, kikaingia ndani. Mafuta ya injini yalikuwa yameulainisha kwa miaka mingi mpaka ukawa kama ubani uliotafunwa. Ukiweka mpya hakikisha ni wa kuvumilia mafuta. Mpira wa maji utarudia hadithi hiyohiyo.

Geji ikapanda hadi 18, nikafurahi mapema. Asubuhi iliyofuata silensa ikacheza tena kwa dakika tano hivi, ikatulia. Gari lenye umri huu mara chache lina tundu moja. Hili la pili lilikuwa gasketi ya manifoldi: chuma kikiwa baridi kinaacha upenyo, kikipata joto kinajaa. Kwa hiyo litafute asubuhi kabla injini haijapata moto, si saa sita mchana gereji. Nilitumia chupa ya kupulizia maji kwenye maungio. Kwenye silinda ya nne sauti ikabadilika na injini ikajikwaa. Wengi wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini inashika moto, na ekzosi iko hapohapo. Sitaki kuirudia.

Usijaribu kukaza bolti kwa nguvu ukidhani gasketi itaziba. Ilishakufa. Badilisha, kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa kipimo cha kitabu cha gari, na badilisha oringi za nozeli ukiwa umezifungua. Mimi katika kufungua nilivunja tii ya plastiki (kiungo cha mipira chenye umbo la T) iliyokuwa nzima, nikajitengenezea uvujaji wa tatu kwa mikono yangu.

Ukishindwa kabisa, tafuta fundi mwenye mashine ya moshi, inayosukuma moshi ndani uone unatokea wapi. Moshi ukitokea kwenye kifuniko cha mafuta ya injini au kijiti cha kupimia, usiupuuze, napo hewa huingia.

Leo usinunue kitu. Soma zile namba mbili, silensa na 2,500, uziweke hapa tuone.