Kamera ya utumbo mwembamba: kompyuta inakadiria nini?

Dada, umeuliza kama kweli kompyuta inaweza kubashiri ugumu wa kupitisha kamera kwenye utumbo mwembamba wa mama, kabla hamjafunga safari kutoka Mbeya. Inaweza kukadiria, na taarifa yenye uzito mkubwa ni ile ambayo familia huisahau: upasuaji wa tumbo, hata wa uzazi wa miaka mingi nyuma. Makovu hushikanisha matumbo, na kamera yenye puto (mrija mrefu wenye kamera, unaosogezwa ndani ya utumbo kwa msaada wa puto) ikashindwa kusonga. Mtajieni daktari kila operesheni, na TB ya tumbo kama aliwahi kuugua, maana huacha sehemu zilizobana.

Utumbo huo una takriban mita 6, hivyo lazima waamue waingilie mdomoni au njia ya haja kubwa. Mama akimeza kidonge chenye kamera, tatizo likionekana mapema katika safari ya kidonge hicho, wataingilia mdomoni. Likionekana karibu na mwisho, watapitia chini. (Kama kuna dalili za kubana, apigwe kwanza CT, yaani picha za kina za ndani ya tumbo, kidonge kisije kikakwama.)

Programu ya kompyuta inayofanya makadirio hayo, ikiwa imefunzwa kwa taarifa za wagonjwa wa nchi nyingine, isimpiku daktari aliyempima mama. Muulizeni kwa nini anatarajia ugumu, na kama mama atapewa usingizi kamili.